Ukimpa mtu funguo, nini kinabadilika? Namna watafiti wanavyopima makazi kwa watu walioishi nje miaka mingi

Mwaka 2005, katika jiji la Seattle nchini Marekani, lilifunguliwa jengo la vyumba 75 kwenye barabara ya Eastlake. Waliopewa vyumba hawakuwa familia zilizoshindwa kodi wala vijana waliokuja mjini kutafuta kazi. Walikuwa watu waliolala nje kwa miaka, wenye uraibu mkubwa wa pombe, na walichaguliwa kwa sababu walikuwa wanaigharimu serikali kuliko karibu wengine wote wa hali yao: leo mahabusu, kesho gari la wagonjwa, keshokutwa kituo cha kulevukia. Na hapakuwa na sharti la kuacha pombe. Mtu aliruhusiwa kunywa chumbani kwake.

Unaweza kukisia maneno yaliyosemwa. Yaani kodi zetu ziwalipie watu kulewa?

Miaka minne baadaye, timu ya Mary Larimer wa Chuo Kikuu cha Washington ilichapisha matokeo. Chukua washiriki wote, wapange kuanzia aliyegharimu kidogo hadi aliyegharimu sana, kisha mwangalie wa katikati. Kabla ya kuhamia, huduma za dharura, mahabusu na hospitali kwa mtu huyo zilikuwa dola 4,066 kwa mwezi. Baada ya miezi 6 ndani ya nyumba zilishuka hadi dola 1,492. Baada ya mwaka, dola 958.

Kutoka 4,066 hadi 958! Mjadala si umeisha hapo?

Hapana. Ukiwa na namba hizo mbili peke yake, bado hujui kama nyumba ndiyo iliyoleta mabadiliko. Na watafiti wale walilijua hilo, ndiyo maana hawakuishia hapo. Makala hii ni kuhusu kazi inayobaki baada ya kupata namba nzuri kama hizo: unajuaje kwamba nyumba imesaidia, imesaidia nini, na kwa kumlinganisha nani?

Kwanza, tunazungumzia nini hasa

Watu wengi wanaokosa makao katika miji ya Marekani na Kanada hukosa kwa muda mfupi. Mtu amefukuzwa kazi, au ameachana na mwenzake, analala kituoni wiki kadhaa, halafu anajipanga upya. Kundi tunalolizungumzia ni dogo zaidi na hali yake ni ngumu zaidi. Kwa tafsiri ya serikali ya Marekani, ni mtu mwenye ulemavu (ugonjwa wa akili na uraibu vinahesabiwa humo) ambaye hana makao kwa miezi 12 mfululizo, au mara 4 ndani ya miaka 3 zikifika jumla ya miezi 12.

Kwa kundi hili, utaratibu wa zamani ulikuwa kama ngazi. Kwanza acha pombe. Halafu tumia dawa za akili kwa uaminifu. Halafu kaa kwenye makazi ya muda, tukuangalie. Ukifuzu kila kidato, mwishoni unapewa nyumba. Tatizo ni kwamba wengi waliteleza katikati na kurudi barabarani. Hebu fikiria kuacha pombe ukiwa unalala chini ya daraja, au kukumbuka dawa ya kila siku wakati begi lako linaibwa kila wiki.

Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing jijini New York na kuigeuza ngazi hiyo juu chini. Nyumba inatangulia. Mtu anachagua chumba kwenye nyumba ya kawaida ya kupanga, analipa sehemu ya kipato chake (kwa kawaida isiyozidi asilimia 30), na ruzuku inamalizia. Huduma zinamfuata alipo: nesi, daktari wa akili, afisa ustawi wa jamii. Anatakiwa kukubali kutembelewa angalau mara moja kwa wiki, lakini halazimishwi kutibiwa ili abaki na nyumba. Mtazamo huu tutauita Nyumba Kwanza. Kwa ujumla, nyumba ya kudumu inayokuja pamoja na huduma za aina hii tutaiita makazi yenye huduma.

Mtego wa "kabla na baada"

Turudi kwenye zile namba za Seattle. Kwa nini hazitoshi?

Fikiria homa. Mtu haendi dukani kununua dawa siku anapojisikia vizuri. Anakwenda siku mwili unawaka moto. Sasa, homa nyingi zikishafika kileleni zinashuka zenyewe. Kwa hiyo hata ukimpa maji ya sukari siku hiyo, kesho yake kuna uwezekano mkubwa atakuwa nafuu, na maji ya sukari yatapata sifa ambayo si yake.

Ndivyo inavyokuwa unapochagua watu kwa sababu wako katika kipindi chao kibaya kuliko vyote. Wakazi wa Eastlake walichaguliwa kwa kuwa gharama zao zilikuwa juu sana. Mwaka ambao mtu amelazwa mara 5 na kukamatwa mara 10, mara nyingi hufuatiwa na mwaka usio mbaya kiasi hicho, hata asipofanyiwa chochote. Wanatakwimu wanaita hali hii kurudi kwenye wastani. Haina maana kwamba mtu amepona. Ni kwamba ulimpima akiwa kileleni, na kutoka kileleni mara nyingi ni kushuka.

Kwa hiyo unahitaji watu wa kulinganisha nao: watu wa hali ileile, waliochaguliwa kwa vigezo vilevile, ambao hawakupata nyumba. Bahati nzuri (kwa utafiti, siyo kwa wahusika) jengo la Eastlake lilijaa na wengine wakabaki kwenye orodha ya kusubiri. Timu ya Larimer iliwafuatilia watu 95 waliopata vyumba na 39 waliokuwa wanasubiri. Na kweli, hata ukilinganisha na waliokuwa wanasubiri, gharama za waliohamia zilishuka zaidi: kwa miezi 6 ya mwanzo, karibu nusu ya kilichotarajiwa. Hiyo namba ina uzito kuliko ile ya kwanza, ingawa haina mvuto kama "4,066 hadi 958".

Bado kuna mwanya. Waliopata vyumba mapema na waliosubiri huenda walitofautiana kwa jambo ambalo hatulioni. Labda waliopata mapema ndio waliopatikana kwa urahisi, wenye simu, au wasiogombana sana na wahudumu. Ili kuuziba mwanya huo, kuna njia moja ambayo watu wengi hawaipendi wakiisikia mara ya kwanza: bahati nasibu.

Kanada: watu 2,148 na bahati nasibu

Mwaka 2008 serikali ya Kanada ilitenga dola milioni 110 za nchi hiyo kwa ajili ya utafiti uliosimamiwa na Tume ya Afya ya Akili ya Kanada. Uliitwa At Home/Chez Soi, na ulifanyika kuanzia 2009 hadi 2013 katika miji mitano: Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton. Washiriki walikuwa watu wasio na makao ambao pia walikuwa na ugonjwa wa akili.

Ripoti kuu ya mwisho inahesabu watu 2,148. Kwa bahati nasibu, 1,158 waliingia kwenye Nyumba Kwanza na 990 wakaendelea na huduma za kawaida za mji wao.

Ngoja kwanza. Je, ni haki kumnyima mtu nyumba ili upate data? Swali hili ni la msingi na kila mtafiti wa eneo hili analijibu kabla hajaanza. Jibu huwa na sehemu mbili. Kwanza, nyumba hazitoshi. Kama una nyumba 1,000 na wahitaji 2,000, kuna watu 1,000 watakaokosa hata usipofanya utafiti wowote. Swali ni namna gani utawachagua, na kura ya wazi inaweza kuwa ya haki zaidi kuliko kujuana au kuwahi foleni. Pili, kundi la kulinganisha si watu waliotupwa. Walibaki na haki ya vituo vya kulala, kliniki na programu nyingine zote zilizokuwepo mjini. Kumbuka jambo hili la pili, tutalirudia.

Uzuri wa bahati nasibu ni kwamba makundi mawili yanafanana kwa wastani katika kila kitu, pamoja na vitu ambavyo hukufikiria kuvipima: ukaidi, bahati, kuwa na dada anayekujali. Tofauti ikitokea baadaye na ni kubwa kuliko bahati inavyoweza kueleza, kilichobaki cha kulaumu au kusifu ni nyumba na huduma zake.

Kupima "makazi" nako si rahisi kama inavyosikika. Huwezi kumuuliza mtu siku moja tu "unalala wapi?" ukamaliza. Watafiti walikaa na washiriki kila baada ya miezi mitatu, wakafuata kalenda: mwezi uliopita ulikuwa wapi, wiki ile ya sikukuu ulilala kwa nani, ulitoka lini mahabusu. Yeyote aliyewahi kufanya ufuatiliaji wa washiriki anajua hii ni kazi ya namna gani, na hapa unamfuatilia mtu asiye na anwani.

Matokeo ya makazi yalikuwa haya. Katika miezi 6 ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya kundi la Nyumba Kwanza walikuwa na makazi muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya kundi la kulinganisha. Waliokosa makazi muda wote walikuwa asilimia 16 dhidi ya asilimia 46.

Ziangalie vizuri hizo namba maana zinasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba nyumba imefanya kazi kubwa: kuwa na makazi muda wote kumekuwa mara mbili. La pili, ambalo watetezi husahau kulitaja, ni kwamba asilimia 31 ya waliokosa kura nao walipata makazi kwa njia nyingine. Ungewapima waliopewa nyumba peke yao ungesema mradi umewatoa barabarani asilimia 62. Kwa haki, unachoweza kudai ni ile tofauti: asilimia 62 toa 31.

Sasa njoo kwenye dalili za ugonjwa wa akili na matatizo ya ulevi. Kundi la Nyumba Kwanza lilipata nafuu. Mradi umefaulu? Subiri: kundi la kulinganisha nalo lilipata nafuu, kwa kiwango kinachokaribiana. Hapo ndipo unaona thamani ya wale watu 990. Bila wao, ripoti ingeandika kwa nia njema kabisa kwamba Nyumba Kwanza inatibu akili na uraibu. Kumbe sehemu kubwa ya nafuu ile ingetokea tu, ama kwa sababu ya kurudi kwenye wastani, ama kwa sababu ya huduma za kawaida za miji ile. Ubora wa maisha ndio uliopanda zaidi kwa waliopata nyumba, ingawa kwa tofauti isiyo kubwa.

Je, nyumba ni dawa?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na binafsi ndipo nilipobadilisha mawazo.

Inaingia akilini kwamba mtu akipata kitanda, choo na mlango unaofungwa, afya yake itakuwa nzuri. Lakini mwaka 2018 jopo la Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani lilipitia tafiti zilizokuwepo na kuhitimisha kwamba hakuna ushahidi mkubwa kuwa makazi yenye huduma yanaboresha afya ya walengwa kwa ujumla, isipokuwa kwa watu wanaoishi na VVU. Jopo halikusema nyumba hazisaidii. Lilisema tafiti zilizopo hazijaonyesha hivyo, na likapendekeza zichunguzwe hali za kiafya ambazo kwa asili yake zinategemea makazi. VVU ni mfano mzuri: dawa zake zinahitaji ratiba ya kila siku, na ratiba inahitaji mahali pa kuishi.

Baada ya hapo zilikuja tafiti mbili nilizozipenda kwa sababu hazikubaliani kikamilifu.

Ya kwanza ni ya kaunti ya Santa Clara, California, iliyochapishwa mwaka 2020 na Maria Raven na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Watu 423 waliokuwa wanatumia sana idara za dharura, hospitali na mahabusu waliingizwa kwenye bahati nasibu. Kati ya waliopata nafasi, asilimia 86 walihamia kwenye nyumba na wengi wakabaki. Tukumbuke hawa walikuwa watu ambao wahudumu wengi walishawakatia tamaa. Mahudhurio ya dharura ya magonjwa ya akili yalipungua kwa asilimia 38 kulinganisha na kundi jingine, na mahudhurio ya kliniki za kawaida za akili yakaongezeka. Lakini idara ya dharura kwa ujumla, kulazwa hospitalini na mahabusu havikuonyesha tofauti ya kueleweka kitakwimu. Na vifo havikupungua.

Ya pili ni ya Denver, Colorado, iliyofanywa na Urban Institute kuanzia 2016. Watu 724 waliokuwa wamekamatwa angalau mara 8 ndani ya miaka 3 waligawanywa kwa bahati nasibu. Miaka mitatu baada ya kuhamia, asilimia 77 ya waliopata nyumba walikuwa bado wamo. Kundi lililopangiwa nyumba lilikutana na polisi mara chache zaidi kwa asilimia 34 na kukamatwa kulipungua kwa asilimia 40. Huko Denver mahudhurio ya idara ya dharura nayo yalipungua.

Kwa nini Denver yapungue na Santa Clara yasipungue? Anza na nani aliingizwa. Denver walichaguliwa kwa rekodi ya polisi, Santa Clara kwa matumizi makubwa ya huduma, zikiwemo za hospitali. Mtu mwenye figo zilizoharibika ataendelea kwenda hospitali hata ukimpa nyumba ya ghorofa. Tena, ukishatulia unaweza kwenda hospitali zaidi, kwa sababu sasa kuna mtu wa kukupeleka na magonjwa uliyoyapuuza miaka 10 yanaanza kutibiwa. Ndiyo maana "alikwenda hospitali mara ngapi" ni kipimo cha kutumia kwa uangalifu. Kupungua kunaweza kuwa kupona au kukosa nauli. Kuongezeka kunaweza kuwa kuugua au kuhudumiwa.

Suala la vifo linauma, na sidhani linapaswa kufichwa. Mtu anayepata nyumba baada ya miaka 15 barabarani anaingia na mapafu, ini na moyo wa miaka 15 barabarani. Tafiti nyingi hufuatilia miaka miwili hadi minne. Inawezekana muda huo ni mfupi mno kuonyesha tofauti. Inawezekana pia kwamba kwa baadhi yao tumechelewa. Na kwa hao, kufa kitandani kwako na jirani anayejua jina lako si sawa na kufa barazani kwa duka la mtu, ingawa kwenye jedwali la takwimu vyote ni kifo kimoja.

Mshiriki aliyepangiwa nyumba lakini hakuhamia

Jambo moja la kiufundi, fupi, maana linawachanganya wengi. Bahati nasibu ikikupangia nyumba halafu usipatikane, au ukafungwa kabla ya kuhamia, unahesabiwa wapi? Kwenye kundi la nyumba.

Inaonekana kama kosa, lakini fikiria mbadala wake. Ukiwatoa wasiohamia, unabaki na waliopatikana, waliojaza fomu, waliovumilia kusubiri. Hao wangefanya vizuri zaidi hata bila nyumba. Kwa kuwatoa wengine umeiua bahati nasibu yako mwenyewe. Kwa hiyo watafiti makini huhesabu kila mtu mahali alipopangiwa. Athari inayoonekana inakuwa ndogo kidogo, lakini inajibu swali ambalo jiji linauliza kweli: tukitangaza mpango huu, pamoja na wote watakaotuponyoka, tutapata nini?

Hoja ya pesa, na hatari yake

Umewahi kusikia hoja kwamba kumpa mtu nyumba ni rahisi kuliko kumwacha barabarani? Ina mvuto kwa sababu inamshawishi hata mtu asiye na huruma. Lakini ni kweli kiasi gani?

Utafiti maarufu hapa ni wa Dennis Culhane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2002. Walifuatilia kwenye kumbukumbu za serikali watu 4,679 wa New York wenye magonjwa makali ya akili waliopewa makazi yenye huduma. Kabla ya kupewa, kila mmoja kwa wastani alikuwa anatumia huduma za umma za dola 40,451 kwa mwaka. Wakiwalinganisha na watu wanaofanana nao, nafasi moja ya makazi ilipunguza gharama hizo kwa dola 16,281 kwa mwaka. Nafasi hiyohiyo iligharimu dola 17,277. Tofauti haifiki dola 1,000.

Kwa maneno mengine, karibu gharama yote ilijirudisha yenyewe, lakini haikuzaa faida. Denver nao walikuta hali ya jinsi hiyo, kwa kiwango cha chini zaidi: karibu nusu ya gharama ilifidiwa na kupungua kwa matumizi ya huduma nyingine.

Kanada ilitoa picha iliyo wazi zaidi. Kwa kila dola 10 zilizowekwa kwenye Nyumba Kwanza, asilimia 10 ya washiriki waliokuwa na gharama kubwa kuliko wote waliokoa dola 21.72. Hapo ni faida tupu. Washiriki wenye mahitaji makubwa kwa ujumla wao waliokoa dola 9.60. Wenye mahitaji ya wastani waliokoa dola 3.42.

Sasa tafakari maana yake. Kama sababu pekee ya kutoa nyumba ni kuokoa pesa, basi wape wale asilimia 10 halafu funga ofisi. Tuseme kuna mama anayelala kwenye kona ya kituo cha basi, mgonjwa wa akili, mkimya, hajawahi kumpigia mtu kelele, polisi hawamjui, gari la wagonjwa halijawahi kumbeba. Haigharimu serikali karibu kitu. Kwa hoja ya pesa, mama huyu ndiye wa mwisho kwenye foleni, kwa sababu tu anateseka bila kusumbua mtu.

Ndiyo maana nadhani hoja ya "inajilipa yenyewe" iwekwe mahali pake. Ni habari njema kwa waziri wa fedha kwamba sehemu kubwa ya gharama inarudi. Lakini hatuulizi kama upasuaji wa mtoto wa jicho unajilipa. Tunauliza kama mgonjwa anaona, na unagharimu kiasi gani. Kwa makazi yenye huduma, swali la aina hiyo lina jibu zuri: unampa mtu huyu nyumba, na katika kila utafiti niliokutajia hapa, wengi wanabaki ndani. Watu ambao ngazi ya zamani iliwaita "hawajawa tayari".

Sisi tunajifunza nini

Siwezi kuchukua matokeo ya Toronto nikayabandika Kariakoo. Mpango wa Kanada ulitegemea ruzuku ya kodi, kliniki za akili zenye wataalamu na kumbukumbu za kompyuta zinazoonyesha mtu alilazwa lini. Tukibeba namba zao bila mazingira yao tutajidanganya.

Kinachobebeka ni namna ya kuuliza, na si kwamba ni jambo geni kwetu. Majaribio ya TASAF ya kutoa fedha kwa kaya maskini yaliyoanza kulipa mwaka 2010 yalihusu vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kwa bahati nasibu, vijiji 40 vilianza na 40 vikawa vya kulinganisha. Kwa hiyo siku utakapokutana na ripoti ya mradi wowote, wa makazi, wa watoto wa mtaani, wa mikopo ya vijana, inayosema "asilimia 80 ya wanufaika wameboresha maisha yao", jaribu maswali haya:

- Wanufaika walichaguliwaje? Walikuwa katika kipindi chao kibaya kuliko vyote?
- Wasiopata walikuwaje katika muda uleule?
- Walioacha katikati wamehesabiwa au wametolewa kimyakimya?
- Walifuatiliwa muda gani?
- Kilichopimwa ni kile mhusika anachokihitaji, au kile mfadhili anachokitaka?

Nimalizie na jambo moja kutoka Eastlake. Wakazi wale walioruhusiwa kunywa vyumbani, je, walikunywa zaidi? Kwa makadirio ya watafiti, kabla ya kuhamia mkazi wa katikati alikuwa anakunywa vipimo 15.7 vya pombe kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, 10.6. Bila sharti lolote. Sasa ukishasoma mpaka hapa, najua unachokiwaza: hiyo ni kabla na baada tu, kundi la kulinganisha liko wapi? Ni kweli, huwezi kusema nyumba ndiyo iliyopunguza pombe. Lakini kwa waliodai kwamba chumba kisicho na sharti kingewafanya walewe zaidi, namba hizo hazikuwapa walichokitarajia.